Homoni, Tabia na Ukuaji wa Kijinsia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Homoni ni nini?

Ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikamwagwa kwenye damu, ikaenda kufanya kazi mbali na ilikotoka. Jina hilo lilitolewa mwaka 1905 na mwanafiziolojia Mwingereza, Ernest Starling, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Damu hufika kila mahali, kwa hiyo homoni nayo hufika kila mahali. Lakini huitikiwa na zile seli tu zenye kipokezi chake, yaani protini ya kuipokea. Seli isiyo na kipokezi hupitwa na homoni kama mgeni asiyejua lugha anavyopitwa na mazungumzo. Ndiyo maana kupima kiasi cha homoni kwenye damu, peke yake, hakutoshi kueleza mwili wala tabia ya mtu. Hili la vipokezi litajitokeza tena huko chini.

Nani aligundua kwamba homoni hugusa tabia?

Wafugaji waliwatangulia wanasayansi kwa karne nyingi: fahali akihasiwa huwa maksai, hutulia, hukubali nira. Walichokuwa hawakijui ni njia inayotumika. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga sita. Wale aliowatoa korodani zote mbili walikua bila upanga mkubwa mwekundu kichwani. Hawakuwika sawasawa, hawakupigana, wala hawakuwa na habari na mitetea. Wengine aliwapandikizia korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake pa asili, na baadhi yao walipewa korodani ya mwenzao. Hao waliwika, wakapigana, wakawafuata mitetea kama jogoo yeyote.

Alipowapasua, Berthold aliona mishipa ya damu imeota kuizunguka korodani iliyopandikizwa, ilhali neva zake za zamani zilikuwa zimekatwa. Basi ujumbe ulikuwa unasafiri kwa damu. Walikuwa majogoo sita tu, na hoja ile inasimama mpaka leo.

Kijusi huwaje cha kiume au cha kike?

Kwa wiki sita hivi za mwanzo huwezi kuwatofautisha kwa umbo. Kila kiinitete cha binadamu, kiwe na kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) za XX, ambazo kwa kawaida ni za kike, au XY, za kiume, kina vichipukizi vya tezi za uzazi vinavyoweza kuwa ovari au korodani. Kina pia jozi mbili za mirija: moja inaweza kuwa mji wa mimba, nyingine inaweza kuwa njia ya mbegu za kiume. Maandalizi yote mawili yamo katika mwili mmoja. Mimi hili hunistaajabisha kila ninapolifundisha.

Kinachoinamisha mizani ni jeni moja iliyo kwenye kromosomu Y, iitwayo SRY. Watafiti wa London waliitambua mwaka 1990, na mwaka uliofuata waliiingiza kwenye viinitete vya panya wenye XX, wakapata panya wenye korodani. Jeni hiyo huvielekeza vile vichipukizi viwe korodani. Kuanzia hapo kazi inashikwa na homoni. Korodani changa hutoa testosteroni, inayoilea mirija ya kiume, na homoni nyingine inayoinyausha ile mirija ambayo ingekuwa mji wa mimba. Sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa dihidrotestosteroni, ambayo ina nguvu zaidi, na hiyo ndiyo hujenga uume na mfuko wa korodani.

Mfaransa Alfred Jost alilithibitisha jukumu la homoni katika miaka ya 1940 kwa kuondoa tezi za uzazi za vijusi vya sungura vikiwa bado tumboni mwa mama. Vyote vilikua na maumbile ya kike, hata vilivyokuwa na XY. Kutokana na hapo ikaenea kauli kwamba kike hutokea chenyewe na kiume huongezwa juu yake. Kauli hiyo ni kweli kwa mirija na viungo vya nje, lakini si kweli kwa ovari. Ovari hujengwa na jeni zake maalumu, na mtu mwenye XX ambaye jeni mojawapo, RSPO1, imeharibika, anaweza kuota korodani. Hakuna upande unaotokea bila kazi kufanyika.

Je, wanyama wote hufuata X na Y?

La. Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Kwa mamba wote na kasa wengi hakuna kromosomu inayoamua. Joto la mayai ndilo linaloamua. Kwa kasa wa baharini, mpaka uko karibu na nyuzi 29 za Selsiasi: kiota chenye joto zaidi hutoa majike wengi, chenye ubaridi hutoa madume. Joto hubadilisha jeni zinazofanya kazi kwenye tezi changa, ikiwemo ile ya aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Kisa cha kwanza cha namna hii kilitolewa taarifa mwaka 1966 kutoka Dakar, Senegal, kwa uchunguzi wa mijusi.

Hapa kuna jambo la kutia wasiwasi kweli. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miongoni mwa kasa wa kijani wachanga wanaotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, zaidi ya asilimia 99 ni majike. Mchanga unaopata joto unaweza kulimaliza kundi la kasa bila kumuua hata mmoja, kwa kuwakosesha madume tu.

Baadhi ya samaki nao hubadili jinsia wakiwa wakubwa. Wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanaoishi ndani ya anemoni, huwa na jike mmoja, dume mmoja na wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume wake anakuwa jike, na mkubwa wa wale wadogo anachukua nafasi ya dume. Samaki mmoja wa Karibi, mwenye dume la kichwa cha buluu, hufanya kinyume: dume akiondolewa, jike mkubwa huanza kuwatongoza majike wenzake ndani ya saa chache, na tumboni bado ana ovari. Watafiti waliwaondoa wengine ovari kabisa, na bado wakafanya vivyo hivyo. Ubongo ulitangulia, tezi zikafuata. Yeyote anayedhani mwendo ni wa upande mmoja, kutoka tezi kwenda kwenye tabia, na amtazame samaki huyu.

Kwa nini ndama jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa?

Kwa sababu mishipa ya makondo yao huungana, wakashiriki damu. Homoni za ndugu yake, hasa ile inayonyausha mirija ya kike, humfikia mapema na kuharibu ukuaji wa viungo vyake vya uzazi. Hutokea kwa kama tisa kati ya kumi wa ndama wa namna hiyo. Mapacha wa binadamu kwa kawaida hawashiriki damu kiasi hicho, kwa hiyo mzazi mwenye pacha wa kike na wa kiume asiwe na hofu.

Ni kweli fisi ni huntha?

Si kweli, ingawa chanzo cha imani hiyo kinaeleweka. Fisi madoadoa jike ana kinembe kirefu kinachofanana na uume, na kwa njia hiyo hiyo hukojoa, hupandwa na huzaa. Ndani ana ovari na mji wa mimba. Pia ndiye mtawala wa kundi. Ovari za mama mjamzito hutoa kwa wingi androjeni, yaani homoni za kiume za jamii ya testosteroni, ambazo kondo la nyuma huzigeuza kuwa testosteroni, na kule Masai Mara iligunduliwa kwamba majike wa cheo cha juu hupata ongezeko kubwa zaidi mwishoni mwa mimba, nao watoto wao huwa wakali zaidi. Hata hivyo, watafiti walipowapa mama wajawazito dawa za kuzuia androjeni, watoto wa kike bado walizaliwa na kinembe kirefu. Homoni ni sehemu ya maelezo, na sehemu iliyobaki bado inatafutwa.

Homoni ikishatoka mwilini, athari yake huisha?

Inategemea ilifika lini. Mwaka 1959 Charles Phoenix na wenzake, nchini Marekani, waliwadunga testosteroni simbilisi wajawazito. Watoto wa kike walipokua na kupewa homoni za kike, hawakuwaitikia madume kama ilivyotarajiwa. Wakipewa testosteroni, walikuwa wepesi kuwapanda wenzao. Homoni ile ilikuwa imeshaondoka zamani, lakini iliacha ubongo umepangwa kwa namna nyingine. Tangu hapo wataalamu hutenganisha athari za kupanga, zinazotokea mapema na kudumu, na athari za kuamsha, zinazokuja na kuondoka pamoja na homoni yenyewe.

Dozi ndogo ya asili nayo huonekana. Panya jike aliyekulia tumboni katikati ya ndugu wawili wa kiume hupata testosteroni kidogo kutoka kwao, na ukubwani huelekea kuwa mgomvi kuliko dada yake aliyekuwa katikati ya majike.

Kwa hiyo ubongo wa binadamu pia hupangwa tumboni?

Kwa kiasi fulani, na kiasi hicho ndicho kinachogombaniwa. Ushahidi mzuri tulio nao unatoka kwa wasichana waliozaliwa na hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, inayompata kama mtoto mmoja kati ya 15,000. Tezi hizo hushindwa kutengeneza kortisoli na badala yake humwaga androjeni nyingi tangu tumboni. Wakiwa wadogo, kwa wastani wasichana hawa hupendelea michezo ya kuparamia na vitu vya kuchezea ambavyo wavulana huvipendelea, hata wazazi wanapowahimiza vingine. Lakini walio wengi hujitambua kuwa wasichana na hukua wakiwa wanawake. Athari ipo, ila haiamui maisha ya mtu.

Pia tusihamishe matokeo ya panya kwenda kwa watu bila kufikiri. Kwa panya, testosteroni hugeuzwa kuwa estrojeni ndani ya ubongo, na estrojeni hiyo ndiyo inayoufanya ubongo wa kiume. Kwa binadamu, androjeni zenyewe zinaonekana kuwa na uzito mkubwa zaidi.

Mtu mwenye XY anaweza kuwa mwanamke?

Ndiyo. Hapa ndipo vipokezi vinaporudi. Kuna watu wenye XY ambao korodani zao, zilizobaki ndani ya mwili, hutoa testosteroni ya kutosha, lakini vipokezi vya androjeni havifanyi kazi kabisa. Mwili hausikii. Mtoto huzaliwa na maumbile ya kike, hulelewa msichana, huota matiti wakati wa balehe kwa sababu testosteroni nyingine hugeuka estrojeni, ila hapati hedhi kwa kuwa hana mji wa mimba. Wengi hujua siku wanapopelekwa hospitali kwa kukosa hedhi. María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi wa Hispania, aliambiwa kwamba ana XY mwaka 1985 huko Kobe, Japani, baada ya kipimo cha kromosomu. Alinyimwa haki ya kushindana na wanawake mpaka aliporudishwa mwaka 1988. Mwili wake haukuweza kuitumia ile testosteroni waliyoiogopa wasimamizi wa michezo.

Hali nyingine ilielezwa mwaka 1974 kutoka Jamhuri ya Dominika. Watoto wenye XY wasioweza kutengeneza dihidrotestosteroni ya kutosha walizaliwa wakionekana kama wasichana. Balehe ilipofika, testosteroni ilipopanda, sauti ikawa nzito na uume ukakua. Wengi wao waliendelea na maisha kama wanaume.

Ninawasihi wazazi jambo moja. Mtoto wa namna hii si laana, wala si kosa la mama. Na operesheni ya kumfanya tu aonekane wa upande mmoja, ikiwa haiokoi maisha wala haimwondolei maumivu, mara nyingi inaweza kusubiri mpaka yeye mwenyewe aweze kusema.

Balehe huanzishwa na nini?

Huanzia ubongoni. Sehemu yake iitwayo hipothalamasi huanza kutoa homoni iitwayo GnRH kwa mapigo, kama mara moja kila saa moja na nusu hivi; tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huitikia kwa kutuma homoni zake kwenye ovari au korodani. Lazima yawe mapigo. Ernst Knobil alionyesha kwa nyani katika miaka ya 1970 kwamba GnRH ikimiminwa mfululizo, mfumo mzima huzimika, na leo madaktari hutumia ujuzi huo huo kusimamisha balehe iliyokuja mapema mno. Swichi iliyo juu ya GnRH ni protini iitwayo kisipeptini. Umuhimu wake ulijulikana mwaka 2003, baada ya kuchunguzwa familia ambazo kipokezi cha kisipeptini kilikuwa na kasoro na watoto wao hawakubalehe.

Chakula kina neno lake pia. Mafuta ya mwili hutoa leptini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Msichana aliyekonda sana kwa njaa au mazoezi makali huchelewa kuvunja ungo, au hedhi yake hukatika.

Testosteroni ndiyo inayoleta ugomvi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu fupi huwa linapotosha. Kwa wanyama wengi, kuhasi hupunguza mapigano, hilo halina ubishi. Ila dume mwenye testosteroni mara mbili ya mwenzake si mkali mara mbili. Kwa ndege wengi, kama alivyoonyesha John Wingfield mwaka 1990, homoni hupanda pale dume anapochokozwa na kugombea eneo, kisha hushuka akianza kulisha makinda. Ugomvi huipandisha homoni kama vile homoni inavyouchochea ugomvi.

Kwa watu, uhusiano ni dhaifu zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Zürich waliwapa wanawake testosteroni au dawa bandia, kisha wakacheza mchezo wa kugawana fedha. Waliopata testosteroni walitoa mgawo wa haki zaidi. Waliodhani wamepewa testosteroni, wamepewa au hawakupewa, ndio waliotoa mgawo mbaya. Imani tuliyo nayo juu ya homoni hii ilikuwa mbaya kuliko homoni yenyewe. Inaelekea inachosukuma ni hamu ya kulinda heshima mbele ya wengine, na kama heshima inapatikana kwa ukarimu, ukarimu ndio utakaoonekana.

Je, maisha ya kijamii yanaweza kushusha homoni?

Yanaweza, na mfano mzito kuliko yote uko katika hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini. Tembo dume wachanga waliokuwa yatima walipelekwa huko bila wakubwa wao. Wakaingia kwenye masti mapema mno, yaani ile hali ya tembo dume ambapo testosteroni hupanda sana na ukali ukaja nayo, tena masti yao ilidumu muda mrefu. Katika miaka ya 1990 waliua zaidi ya faru weupe 40. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wazee kutoka hifadhi ya Kruger. Masti ya vijana ikafupika, na mauaji ya faru yakakoma. Kijana anayekabiliwa na dume mkubwa hutoka kwenye masti haraka.

Kwa binadamu, uchunguzi uliofanyika Cebu, Ufilipino, na kutolewa mwaka 2011 uliwafuata wanaume 624 kwa karibu miaka mitano. Walioanza na testosteroni ya juu ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata mwenzi na mtoto, na walipokuwa baba, homoni hiyo ilishuka sana, hasa kwa wale waliomhudumia mtoto saa nyingi kwa siku. Baba aliyetulia nyumbani hajapungukiwa na uanaume. Mwili wake umeingia kazi nyingine.

Upendo wa mama ni oksitosini tu?

Hapana, ingawa oksitosini, homoni inayotolewa wakati wa kuzaa na kunyonyesha, hufungua mlango. Kondoo anapozaa, mtanuko wa njia ya uzazi huumwagia ubongo wake oksitosini, na kwa muda wa kama saa mbili hujifunza harufu ya mwanawe na kumkubali. Baadaye hufukuza mwana wa mwenzake. Lakini panya jike asiyewahi kuzaa, akiwekwa na vitoto kwa takriban wiki moja, huanza kuvikusanya na kuvifunika bila mimba wala uzazi. Homoni huharakisha kile ambacho mazoea yanaweza kukijenga polepole. Walezi na wazazi wa kuasili wanalijua hili bila kuambiwa na maabara.

Na kuhusu wale panya wa mbugani wa Amerika Kaskazini wanaoishi wawili wawili, waliosifiwa miaka mingi kuwa mapenzi yao ni oksitosini: mwaka 2023 walifugwa wengine wasio na kipokezi cha homoni hiyo, nao wakaungana na wenzi wao kama kawaida.

Wanawake wanaoishi pamoja hupata hedhi pamoja?

Martha McClintock alidai hivyo mwaka 1971 kwa wanafunzi 135 wa bweni. Tafiti za baadaye, zilizopimwa kwa uangalifu zaidi, hazikulithibitisha. Mizunguko yenye urefu tofauti hukutana na kuachana yenyewe, nasi tunakumbuka ilipokutana.

Homoni za ukubwani huamua ninayempenda?

Hapana. Zamani wanaume wanaopenda wanaume walidungwa testosteroni ili wabadilike. Kwa baadhi hamu iliongezeka. Mwelekeo ulibaki ulipokuwa.

Sindano za kuongeza misuli zina madhara gani?

Sindano hizo ni testosteroni au dawa za jamii yake, na ubongo ukiona homoni hiyo imejaa huacha kuziamuru korodani. Zinasinyaa, mbegu zinapungua au kuisha, na kurudi kwake kunaweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi. Mwanamke anaweza kubaki na sauti nzito hata akiacha.

Ni lini nimpeleke mtoto kwa daktari?

Mpeleke akionyesha dalili za balehe kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana. Mpeleke pia ikiwa msichana hana dalili ya matiti akiwa na miaka 13, au hajapata hedhi akifika 15, au mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua akiwa na miaka 14.

Mtoto mchanga ambaye viungo vyake vya siri havieleweki apelekwe siku hiyo hiyo. Sababu si umbo. Anaweza kuwa na ile hitilafu ya adrenali, na wengi wenye hitilafu hiyo hupoteza chumvi mwilini, wakatapika, wakalegea na kufa ndani ya wiki chache za mwanzo. Wavulana wenye hitilafu hiyo huzaliwa wakionekana wa kawaida kabisa, hivyo mtoto mchanga anayetapika na kunyong'onyea asidhaniwe tu kuwa na tumbo. Wakitambuliwa mapema hupewa kila siku homoni ambazo tezi zao haziwezi kutengeneza, wakakua na kufika utu uzima.